Bi Pelele na Nyongeza ya Kiganja

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kila mnyama alikuwa na jiko lake, kikapu chake na malalamiko yake kuhusu bei ya vitu, palikuwa na Bi Pelele. Kama hujawahi kumwona pelele, ni mnyama wa majabalini, mnene kidogo, hana mkia, na kimo chake hakimzidi paka. Huyu ninayewasimulia alikuwa na watoto watano, na wote watano walikula kama wameambiwa kesho hakuna chakula.

Sasa sogeeni, maana hapa ndipo penye taabu. Masika yalikuwa yanakaribia. Masika yakianza, mto ulifurika na soko likafungwa miezi miwili, kwa hiyo kila mwenye nyumba alitakiwa awe ameshaweka akiba ya maharage kabla ya mvua ya kwanza. Bi Pelele alikuwa na mtungi mmoja mkubwa wa akiba. Wiki nzima alijibana. Chai alikunywa bila sukari, nyanya alinunua zile za fungu la jioni, zilizobonyea, na mafuta ya kupikia aliyapima kwa kijiko. Pamoja na hayo yote, fedha yake ilitosha maharage ya nusu mtungi tu. Nusu mtungi, watoto watano, miezi miwili. Mama wa watu aliogopa sana.

Muuza maharage alikuwa mmoja tu, Bwana Kiboko. Alikaa nyuma ya magunia yake, tumbo limeegemea meza, na kila mteja alimwambia maneno yale yale: bei ni moja kwa wote, mkubwa kwa mdogo, na nyongeza kila mtu anapata.

Nyongeza mnaijua. Muuzaji akishakupimia, anakuongezea kidogo bure ili urudi tena siku nyingine. Lakini Bwana Kiboko alikuwa na sheria yake. Kwake, nyongeza alichota mnunuzi mwenyewe, mara moja, kwa kiganja chake mwenyewe. Wakubwa waliisifu sana sheria hiyo. Walinunua gunia zima, wakachota kiganja kimoja, wakaondoka wamefurahi. Wadogo walinunua kibaba, kile kibakuli cha kupimia, wakachota punje zao, wakaondoka wananung'unika.

Siku moja Bi Pelele alinunua kibaba kimoja, akachota nyongeza yake. Zilitoka punje nne, na moja ikadondoka. Akamwomba Bwana Kiboko amwongezee kidogo, kwa ajili ya watoto. Kiboko akacheka mpaka magunia yakatikisika, tiki, tiki, tiki.

"Bi Pelele," akasema, "mimi sikukuumba. Mkono wako ndio riziki yako."

Iliuma, jamani, kwa sababu alisema mbele ya watu. Bi Pelele angeweza kulia, lakini wakati huo huo akaja Sokwe kununua gunia lake. Alipomaliza kulipa akatumbukiza mkono kwenye maharage, chwararara, ukatoka na rundo lililojaa mpaka kwenye kifundo. Bi Pelele akautazama mkono wa Sokwe. Akakitazama kibaba cha Kiboko. Akautazama mkono wa Sokwe tena. Kisha akaifunga fedha yake iliyobaki kwenye pindo la kanga, akaenda zake nyumbani bila kununua kitu kingine.

Kesho yake asubuhi alibisha hodi kwa Sokwe. Sokwe alikuwa na nguvu za kung'oa mti, lakini alipenda sifa kuliko ndizi. Bi Pelele akamweleza, kwa huruma kabisa, kwamba sokoni kuna ubishi. Wapo wanaosema kiganja kikubwa kuliko vyote ni cha Simba.

Sokwe akaacha kutafuna. "Simba ana kiganja? Simba ana unyayo."

"Nilisema hivyo hivyo, kaka, wakanicheka. Wanasema hawaamini mpaka waone kwa macho yao."

Ubishi wenyewe, mimi na ninyi tunajua, haukuwepo popote isipokuwa kichwani mwa Bi Pelele. Lakini Sokwe alikuwa ameshasimama. Bi Pelele akamwambia asisumbuke kuhusu hela, za maharage atatoa yeye, kazi ya Sokwe ni kuleta mkono tu. Sokwe akauosha kwa sabuni.

Walipofika sokoni, Bi Pelele aliweka gunia lake tupu chini, akampa Sokwe sarafu moja. Sokwe akainunulia robo kibaba. Bwana Kiboko alishangaa kidogo, mteja mkubwa na kipimo kile, lakini akapima, akamimina kwenye gunia. Ndipo Sokwe akainua mkono wake juu ili kila mtu auone, akautumbukiza. Chwararara! Nyongeza iliyotoka ilikuwa kubwa kuliko robo kibaba mara nane.

Watu wakaguna. Bi Pelele akageuka nyuma, akamnong'oneza Sokwe kwamba wale wa kwenye vitunguu hawajaona vizuri. Akampa sarafu nyingine. Robo kibaba, chwararara. Halafu ikawa wale wa dagaa wamezibwa na mwamvuli. Robo kibaba, chwararara. Halafu amefika Twiga, naye si haki akose.

Mara ya tano Bwana Kiboko aliufunika mdomo wa gunia lake kwa mikono miwili, akauliza mnunuzi hasa ni nani.

"Mnunuzi ni mimi," Sokwe akasema, akamsogelea. "Hela imetoka mkononi mwa nani? Au na wewe uko upande wa Simba?"

Kiboko hakuelewa Simba ameingiaje. Alielewa tu kwamba Sokwe amekasirika, na kwamba sheria ni yake mwenyewe, ameisema kila siku kwa miaka. Akaondoa mikono. Sarafu kwa sarafu, gunia la Bi Pelele lilijaa, likashonwa, na sarafu zilizobaki zilitosha chumvi, sukari na kipande cha sabuni.

Kiboko akamvuta Bi Pelele pembeni, jasho linamtoka. "Umenitia hasara, mama. Nimekukosea nini?"

"Sijavunja sheria yako hata moja, Bwana Kiboko," Bi Pelele akajibu. "Nimeifuata tu kwa mkono mkubwa kuliko wangu. Na kesho Sungura anakuja na Sokwe wa pili."

Bwana Kiboko alikaa chini, pu. Aliyatazama magunia yake, akawatazama wadogo waliosimama pembeni, ambao sasa walikuwa wanapima kwa macho ukubwa wa majirani zao. Akaagiza aletewe kikombe kidogo kitupu, kile cha kunywea chai. Akatangaza kwa sauti iliyokauka kwamba kuanzia saa hiyo nyongeza ni kikombe kimoja kwa kila kibaba, na atachota yeye mwenyewe, sawa kwa wote. Wadogo wakapanga foleni hadi kwa wauza samaki.

Gunia la Bi Pelele alilibeba Sokwe, njia nzima, kwa mkono mmoja, ili wapita njia nao waone. Mtungi ulijaa hadi shingoni, na mvua ya kwanza iliponyesha siku ya tatu, watoto watano walikuwa wanalamba sahani.

Nami naishia hapo hapo mlangoni pao, na la kuondoka nalo ni hili: ukienda sokoni, usiulize bei peke yake, uliza na kipimo.