Nyani Aliyenasa Mlango wa Mwani

Jamani, mpo?
Tupo!
Wa mbele mnasikia?
Tunasikia!
Na wa nyuma, mmelala?
Tumefumba macho tu, bibi, lete!

Ilikuwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi wa mfungo tano, saa tatu asubuhi, maji makuu ya bamvua yakitoka. Mpaka saa mbili mambo yalikuwa mazuri. Ilipofika saa tatu yakaharibika, kwa sababu Nyani alishuka pwani.

Huko pwani palikuwa na mahali panaitwa Mlango wa Mwani. Ulikuwa mkondo mwembamba kati ya majabali mawili. Bahari ikitoka, ikiingia, pale hapakauki. Mwani umeota humo mrefu, mzito, umesokotana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Na ndani ya mwani, chewa. Chewa wanene, wavivu, wamejilaza wanangoja kulishwa.

Juu ya jabali alikuwa akikaa Nguchiro na mshipi wake. Nguchiro alikuwa mdogo, mjane, mama wa watoto watatu. Kuogelea hajui. Mtumbwi hana. Riziki yote aliyopewa na Mungu ilikuwa hapo.

Nyani alikuwa mkubwa. Mabega makubwa, meno makubwa, na tumbo kubwa kuliko vyote. Alikuwa ameshakula mihogo ya watu na mahindi ya watu. Siku hiyo akasikia harufu ya samaki.

"Shikamoo, mzee Nyani."

"Marahaba. Kikapuni mna nini?"

"Chewa, mzee."

"Chewa wa nani?"

"Wangu, mzee. Na watoto."

"Walikuwa wako," akasema Nyani. Akatia mkono. Nyam! Akatia tena. Nyam! Akajipangusa mdomo kwa mkia wake Nguchiro. "Kuanzia leo mahali hapa ni pangu. Wewe na vitoto vyako tafuteni pengine."

"Pengine wapi, mzee? Mimi maji yakinifika shingoni nimekufa."

"Una shingo fupi. Hilo nalo ni kosa langu?"

Nguchiro hakulia. Alisema moyoni, ewe Mola, hawa watoto ni wako, na mimi ni wako, na huyu naye, sijui ulimuumba kwa ajili gani, ni wako. Kisha akafikiri. Alipokwisha kufikiri akasema kwa sauti tamu.

"Mzee, mimi nakuonea huruma wewe. Watu watasema, Nyani kamnyang'anya mjane. Mtu mkubwa asemwe hivyo! Heri tushindane kuvua, unishinde mbele ya shahidi. Utakula samaki wako kwa haki."

Nyani hakuwahi kula kitu kwa haki. Akatamani kujua ladha yake.

Pfuuu! Kasa akatoa kichwa majini kuvuta pumzi. Alikuwa akila mwani, na mdomo bado umejaa.

"Bi Kasa, tuwie shahidi," akasema Nguchiro.

"Semeni," akasema Kasa. "Lakini... semeni... polepole."

"Sharti ni moja. Atakayenasa, abaki. Asiyenasa, aondoke."

Nyani akacheka mpaka mbavu zikamuuma. "Atakayenasa abaki? Basi mimi nimeshabaki! Mikono hii ishindwe kunasa samaki, na hivyo vijiti vyako vinase? Naapa kwa mkia wangu, nimekubali!"

"Atakayenasa... abaki," akasema Kasa. "Asiyenasa... aondoke. Nimesikia."

Nguchiro akaleta kifuu chake cha vyambo. Akavipanga viwili juu ya jabali. "Mzee, wewe mkubwa, chagua kwanza."

Cha kwanza kilikuwa kipande cha bati la mkebe, kinang'aa, macho yanauma. Nyuma yake ndoana tatu zimefungwa pamoja, ncha zote zimetoka nje. Cha pili kilikuwa kipande cha ndala kuukuu, kimechongwa kama kisamaki. Mpira laini, rangi ya matope. Ndoana yake ni moja, na ncha imerudishwa ndani ya mpira, haionekani.

Marehemu mume wangu Faki kila alipofika hapa kwenye hadithi, lazima achomoe chambo chake cha ndala mfukoni kituzunguke mikononi. "Shikeni," akisema, "pitisheni kidole. Kimechoma? Hakichomi. Na mwani hakiuchomi. Sasa kibinyeni kama mnavyobana meno." Tunabinya, na ncha inachungulia. Msichana mmoja alipiga kelele mpaka paka akakimbia. Basi.

Nguchiro akasema kweli tupu. "Mzee, hicho chenye ndoana tatu ni cha maji meupe, kwenye mchanga. Mume wangu alikuwa akikipeleka kilindini. Kwenye mwani chukua hiki kibaya."

"Ahaa!" akasema Nyani. "Wataka nikuachie kizuri! Ndoana tatu, samaki watatu kwa mara moja. Hicho chako hata ncha hakina. Utavua nini, upepo?"

"Haya, mzee. Nimekwambia."

"Umeniambia, na mimi si mjinga!"

Nyani akachukua chambo cha bati pamoja na mshipi wake. Akaona, samaki watatu wakivuta pamoja, mshipi utamtoroka, na mtu mwingine ataokota. Kwa hiyo akajifunga mwisho wa mshipi kiunoni, fundo juu ya fundo, akalizungusha likakaa mgongoni, asije akaliona mwizi. Akashuka mpaka ukingoni mwa maji.

Rusha! Chubwi! Vuta! Kwaa.

"Nimenasa!" akapiga kelele Nyani. "Bi Kasa, nimenasa!"

"Umenasa?" akauliza Kasa.

"Nimenasa barabara!"

"Nimesikia."

Nguchiro naye, juu ya jabali. Rusha! Chubwi! Vuta. Chambo cha ndala kikateleza juu ya mwani, tele. Kikapita chini ya mwani, tele. Kikapenya katikati ya mwani, tele-tele-tele, hakishiki unyasi hata mmoja. Chewa akafungua kinywa. Hap! Mpira ukabonyea, ncha ikachomoza. Chewa huyo, juu.

Nyani akavuta. Mwani ukavuta. Nyani akavuta. Mwani ukavuta.

"Ana nguvu kama ng'ombe!" akasema Nyani, jasho linamtoka.

Rusha! Chubwi! Tele-tele-tele. Hap! Wa Nguchiro wa pili. Rusha! Chubwi! Hap! Wa tatu. Kikapu kikajaa. Nguchiro akakunja mshipi wake.

"Bi Kasa, tazama chambo changu. Kimenasa popote?"

Kasa akatazama. Kutazama kwa Kasa si kwa leo wala kesho, lakini alimaliza. "Hakikunasa."

"Basi mimi naondoka."

"Nenda!" Nyani akamcheka. "Nenda kabisa! Wasalimie hao vitoto!"

Nguchiro akaenda mchangani, pakavu, akakaa akaanza kupaa magamba.

Bahari ikaanza kurudi. Maji yakamfika Nyani miguuni. Yakamfika magotini. Yakamfika tumboni, na lile tumbo mnalijua.

"Bi Kasa, mbona samaki huyu haji?"

"Samaki gani? Umeshika... mwani. Asubuhi nimekula upande wa pili... wa mwani huo huo."

Nyani akashika fundo. Limeloa, limekaza. Akataka kuliuma. Liko mgongoni, meno hayafiki. Akazunguka kulifuata, nalo likazunguka.

"Nifungueni! Nimenasa! Jamani, nimenasa!"

"Tumesikia tangu asubuhi," akasema Kasa. "Na atakayenasa... abaki."

Maji yakamfika kifuani. "Bi Nguchiro! Mama! Dada yangu! Maji yakinifika shingoni nimekufa!"

Nguchiro aliyajua maneno yale. Akaweka chini samaki, akaja juu ya jabali, akainama, akaunyanyua mshipi majini. Alikuwa na meno madogo, lakini makali. Kacha! Mshipi ukakatika.

Nyani akapanda ufukweni, anakohoa chumvi, mwani umemning'inia masikioni. Akataka kukaa.

"Hapana," akasema Kasa. "Sasa umenasuka. Asiyenasa... aondoke."

"Na yeye je?" akafoka Nyani. "Yeye pia hakunasa!"

"Mimi nilishaondoka, mzee," akasema Nguchiro. "Sasa nimerudi."

"Basi na mimi nitarudi!"

"Karibu sana. Chambo chako kipo palepale, na zile ndoana tatu zinakungoja."

Nyani akatazama maji, akashika kiuno chake. Hakurudi. Anakula ukwaju huko mlimani, na akiulizwa, husema samaki wana harufu mbaya. Nguchiro akawapikia watoto wake, wakala, wakashukuru, wakalala.

Kisa kimekwisha, pumzi imebaki.
Mungu akuzidishie, bibi!

Na funzo lake ndilo hili, mlishike. Ukienda kuvua kwenye mwani, chukua ndoana kubwa, yenye kung'aa, na ncha zake zionekane, kwa sababu kuficha ni tabia mbaya. Tena mnyonge asibishane na mwenye nguvu. Kama ngano yenyewe haikusema hivyo, mimi sina la kufanya. Faki ndivyo alivyonifunza, kwa mzaha wake wa kulipindua funzo, na alikuwa akinifunza huku ananitolea miba ya samaki, ananiwekea minofu upande wangu wa sahani.

Ewe Mola, mrehemu Faki bin Mcha. Mpanulie kaburi lake, mtilie nuru, msamehe alilokosa na alilosahau. Na wafu wa hawa walionisikiliza, wa karibu na wa mbali, waliozikwa na waliochukuliwa na maji, warehemu wote. Amina.