Ramani ya Wali

Hapo zamani, enzi ambazo bata bukini wa mfalme walinenepa kuliko raia, kisiwa cha Mwamba kilitawaliwa na Sultani Shali. Basi Sultani akajenga ukuta kuuziba Mkondo wa Wazee, njia ya maji ya tangu jadi, ili bukini wake waogelee bila bughudha. Ikawa kila bamvua, bahari ijaapo kupita kiasi, maji yanakosa pa kupita, yanaingia majumbani mwa Mtaa wa Chini.

Watu wakamtuma Mshangama, fukara mwokota chaza, aliyesemwa kuwa ni hamnazo.

"Maulana," akasema, "bahari inalala kitandani kwangu, nami nalala juu ya kinu."

"Maneno hayanitoshi," Sultani akajibu. "Niletee ramani ya pwani yote, kila jabali na kila hori, nayo ijae maji yajaapo, ikauke yapwapo. Nikiikosa Ijumaa, mtaa wenu wote uhame."

"Inshallah. Ila nitaifanyia papa hapa, kwa sinia la wali na bakuli la mchuzi wa kuku."

Baraza likacheka, maana njaa ya Mshangama ilijulikana. Ijumaa akanawa, akaufinyanga wali. Hakuna jabali la kisiwa kile lililokuwa halijamkata nyayo, basi hakukosea: hapa rasi, pale ghuba, na mahori akayapitisha kwa kidole. Akamimina mchuzi, ukaingia kila hori. Akaliinamisha sinia, ukarudi bakulini. Sultani akafurahi, akasogea hata magoti yakagusa sinia.

"Mbona ukuta wangu siuoni?"

"Nilichelea, maulana."

"Utie."

Mshangama akachomeka mfupa katika Mkondo wa Wazee, akamimina tena. Mchuzi ukaupiga mfupa, ukarudi nyuma, ukaufunika Mtaa wa Chini, ukavuka ukingo wa sinia na kummwagikia Sultani mapajani.

"Mbona umenijia mimi?"

"Maulana, hapo ulipoketi ndipo kitandani kwangu."

Watu wa baraza wakaitazama kanzu yake nyeupe iliyogeuka manjano. Sultani naye akaitazama, kisha akacheka hata kilemba kikamdondoka. Akaung'oa mfupa kwa mkono wake mwenyewe, na kabla ya alasiri ukuta ulikwisha kubomolewa. Bukini walinuna siku tatu.

Sultani akaamuru ramani ile ikawekwe hazinani. Kumbe Mshangama alikwisha kuanza kuila, na pwani ya kaskazini haikuwapo tena. Basi Sultani akanawa, akaanzia kusini.