Kadi za Mizinga

Mabruki, fundi baiskeli aliye jirani na ofisi ya chama cha warina asali pale Sikonge, hudai kwamba daftari la zamani liliisha kwa mchwa. Huapa kuwa aliwaona kwa macho yake wakilitafuna jalada. Hakuona kitu. Tatu, msaidizi wa karani, anajua kwamba daftari lile lilitoka ofisini zima kama yai, likaishia dukani kwa Mansukh, ambako kurasa zake zilifungia watu karanga.

Mwaka ule wa sabini na nne, watu wakihamia vijiji vya Ujamaa, chama kiliamua kuliacha daftari na kutumia kadi. Daftari lilikuwa limechakaa kama kanzu ya maskini, lakini lilikuwa na adabu yake. Kila alama ichongwayo kwenye mizinga ilikuwa na ukurasa wake. Mizinga ikibadili mikono, neno la zamani halikufutwa. Lilipigwa mstari mwembamba, likaendelea kusomeka, na jipya likaandikwa chini yake. Kadi ilikuwa na nafasi ya jina moja tu.

Tatu alinakili alama mia tatu na ushei. Mgongo ulimuuma, macho yakawa mazito kama yametiwa mchanga. Alipoifikia alama ya pembetatu, alisita. Juu paliandikwa Lugembe. Chini yake: mwenyewe ni mgonjwa, mizinga itunzwe na mdogo wake mpaka mtoto akue. Mwisho kabisa: Masolwa. Akamwuliza karani, Ndugu Twalibu, aandike lipi.

"La mwisho," Twalibu akasema bila kuinua macho. "Ukinakili na mizimu yao, tutamaliza lini?"

Tatu naye alikuwa hoi. Akaandika Masolwa, akageukia alama iliyofuata.

Msimu wa kurina ulipofika, Bi Batuli, mjane wa Lugembe, alikuja kuchukua kibali. Alieleza kwamba mwanawe sasa ni mtu mzima na ataingia porini kurina mizinga arobaini ya baba yake. Kadi ikatolewa sandukuni; jina lililokuwapo ni Masolwa. Kwa warina asali, anayefungua mzinga wenye alama isiyo yake ni mwizi, na mwizi wa asali hapewi hata moto wa kuwashia kiko. Masolwa mwenyewe, mdogo wa marehemu, alikuwa pale pale, ameegemea mlango.

"Shemeji, mimi sisemi kitu," akasema. "Inayosema ni kadi. Ukitaka ugomvi, gombana na sanduku."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Twalibu akasema yeye hajui maneno mengine ila yaliyo kwenye kadi. Tatu akatoka mbio mpaka dukani kwa Mansukh. Mzee wa watu alipekua chini ya meza, akapekua na nyuma ya magunia, akamletea jalada tupu.

Aliporudi, foleni ilikuwa imekwisha. Bi Batuli alikuwa bado kwenye benchi, mikono mapajani, kama mtu aliyesafiri kwa miguu kutoka mbali.

"Mwanangu," akamwambia polepole, "wewe uliusoma ule ukurasa. Kesho njoo mbele ya kamati, useme ulichokiona."

Kule ndani Twalibu akakohoa. Tatu akalivuta sanduku la kadi, akaanza kuzipanga upya, ncha kwa ncha, ilhali zilikuwa zimekwisha kupangwa. Mama yule akangoja.

Usiache mbachao kwa msala upitao.