Fisi Afuga Buibui

Hadithi iko mlangoni.
— Ifungulie.
Ina miguu minane.
— Na iingie yote.

Basi Fisi alimkamata Buibui, yule mkubwa mwenye manyoya, akamtia chunguni, akafunika kwa ungo. Akatangaza mtaa mzima kwamba anafuga. Fisi, kufuga. Mtu ambaye hata kupe wake mwenyewe anawala. Mimi sisemi kitu, nasimulia tu.

Kila asubuhi Fisi alileta panzi. Anainua ungo, ananusa, nf nf nf.

"Kula, mwanangu, unenepe."

"Ninenepe ili iweje, Baba?"

"Ili upendeze tu."

Buibui akala, lakini katika macho yake manane hakufumba hata moja.

Jirani yao Kanga, ambaye neno halilali tumboni mwake, akaja kuchungulia. "Shoga, nimemwona huyo baba yako anatwanga pilipili. Wewe unakula pilipili?"

"Sili."

"Haya. Mimi sijasema kitu."

Kesho yake Fisi akainua ungo, nf nf nf. Buibui hakugusa panzi.

"Mbona huli?"

"Nimefunga, Baba."

"Mwezi gani huu wa kufunga?"

"Wetu sisi wenye manyoya."

Fisi akamtazama kwa jicho la pembeni. Akamla panzi yeye mwenyewe.

Asubuhi moja akamkuta amelala chali, miguu juu. Moyo ukampasuka: kitoweo kitaoza. Akapeleka mkono.

"Usiniguse, Baba. Nikiguswa nimelala chali, unono wote unayeyuka."

Fisi hakuamini. Lakini je, kama ni kweli? Akafunika, akakaa mlangoni na pilipili yake, akimeza mate, gulu, gulu.

Kumbe Buibui anajivua ngozi. Kru, kru. Akavua manyoya, akavua kucha, akavua miguu yote minane. Ile ngozi tupu akaiketisha katikati ya chungu. Yeye mwenyewe, laini kama ugali wa moto, akajibana pembeni.

Fisi akainua ungo. Nf nf nf. Akaona wawili.

"Mimi mtoto, nimezaliwa leo," akasema Buibui. "Yule ni mama. Panzi wako wote wamo tumboni mwake. Mle yeye, mimi unifuge."

"Mbona hasemi?"

"Ameshiba. Kwani wewe ukishiba huwa unasema?"

Fisi hajawahi kushiba, angejuaje? Akaimwagia ngozi pilipili yote, akaitupa kinywani. Kwaru, kwaru. Ikakwama kooni. Khe, khe, khe. Machozi tiririri.

Ungo uko chini. Buibui akatoka, tya tya tya.

"Asante kwa panzi, Baba."

Mkimsikia Fisi porini, msidhani anacheka. Khe, khe, khe. Bado anajaribu kuitoa.

Funzo, wajukuu zangu: mkifuga buibui, mpeni panzi, na akilala chali mwacheni. Na lolote atakalowaambia aliyemo chunguni, mwaminini. Adanganye ili apate nini?

Hadithi imetoka.
— Na miguu yote?
Yote. Ile ya zamani aulizwe Fisi.