Mikono Yote ya Kushoto

Kuna watu ambao wako radhi kuitwa walevi kuliko kusema linalowasumbua nyumbani. Mkata vitambaa wa karakana moja ya ushonaji alikuwa wa kundi hilo. Wenzake walimpachika jina la Rula, maana mkasi wake haukujua kwenda upande.

Mwezi ule, hata hivyo, Rula alikuwa akiharibu. Asubuhi moja alitandika kitambaa cha makoti ya wahudumu wa hoteli, akakata mikono akasahau kugeuza karatasi ya mchoro. Mshonaji aliyekaa karibu naye alichambua vipande, akaguna.

"Kaka Rula, hawa wateja wetu wana mikono ya kushoto tu?"

Karakana nzima iliangua kicheko. Rula hakucheka. Mama mwenye karakana alimwita kando.

"Baba, kama ni chupa, niambie."

"Ni uchovu tu, mama."

"Uchovu gani huo unaokula vitambaa vya watu? Kuanzia kesho mkasi atashika mwingine. Wewe utapiga pasi."

Ule mkasi ndio uliokuwa heshima ya Rula, na sasa unamponyoka huku anatazama.

"Usinipe pasi, mama, nitawaunguzia nyumba," alisema. "Mama yangu amepoteza kumbukumbu. Akitoka hajui kurudi. Kila asubuhi namfungia ndani kwa kufuli, halafu kutwa nzima nasikia anagonga mlango."

Alilia mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zake. Aliona aibu, lakini pia alipumua kama aliyetua gunia la mahindi.

Mama mwenye karakana alimtazama kwa ukali uliochanganyika na huruma. "Mzazi hafungiwi kama kuku. Nenda kamlete."

"Hapa kazini?"

"Kwani hapa pana simba?"

"Mama mkwe wangu alikuwa hivyo hivyo," mshonaji alidakia. "Mpe kitu cha kukunja, atatulia. Nitakaa naye mimi."

Bibi, mama yake Rula, aliletwa, akawekewa kiti karibu na cherehani. Alikunja vitambaa, akavikunjua, akavikunja tena. Alimwita mama mwenye karakana "mwanangu" na kumkemea kwa kutosalimia wageni. Naye, mwanamke aliyeogopwa na mafundi wote, alisalimia. Siku nyingine bibi hakumtambua hata Rula, na hilo lilimuuma. Lakini sasa Rula alimwona mama yake kwa macho, hakuwa tena wa kumwazia tu.

Mkasi alirudishiwa. Mikono ile ya kushoto iliyozidi iligeuzwa mifuko, ya kulia ikakatwa, na makoti yakafika hotelini kwa wakati yakiwa yamewakaa wahudumu sawasawa. Kazi hiyo ilileta nyingine kubwa zaidi, na Rula ndiye aliyekabidhiwa kuikata.

Angeendelea kumeza siri yake, angepoteza mkasi, na pengine mama pia. Mficha uchi hazai.