Sange, Kima na Bakuli la Mnarani

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni hapa mkekani. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize. Haya, kimya!

Kisa, kisa!

Kije, tukipokee!

Zamani, zamani sana, watu waliuhama mji wao wa mawe, msitu ukauingia. Zikabaki kuta tu, na kaburi lenye mnara mrefu. Mnarani mlijengewa bakuli la kaure, jeupe lenye maua ya buluu. Ukilitazama, utasema pambo. Kumbe lina mwenyewe!

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Visima vikakauka, madimbwi yakakauka. Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alikuwa na mtoto mmoja. Ulimi wa mtoto ulikuwa mkavu kama gome. Halii tena. Sange akaona heri angelia.

Bibi yake alimwambia zamani, "Mnarani kuna maji. Piga hodi, ungoje. Ukikaribishwa, kunywa. Usipojibiwa mara ya tatu, rudi zako. Usiguse!"

Akambeba mwanawe kwa meno, kwa upole, akaenda mbio. Jirani yake Kima akamfuata juu ya miti. Chini ya mnara Sange akamlaza mtoto, akaita.

"Hodi!"

Kimya. Sange akamtazama mtoto. Anahema.

Kima akacheka. "Shoga, kaburi likuitikie? Panda uchote!"

"Nitangoja, dada."

"Hodi!"

Kimya. Mtoto anahema kidogo.

"Ngoja tu. Utabaki na adabu, mtoto huna!"

Sange akamlamba mtoto uso. Akaita tena, sauti inamkatika. "Hodi, wenyewe!"

Kimya. Hata jani halikutikisika.

Kima akashindwa kuvumilia. Akaurukia mnara, akabana pua, akaitika kwa sauti ya kizee, "Karibu, karibu ndani!" Akatumbukiza mkono bakulini.

Bakuli likamnasa! Likanguruma, "Nani amekaribisha?"

Kima akavuta mkono, hautoki. Sange akawaza. Akisema kweli, labda bakuli lifunge, mtoto afe. Akisema uongo, je, mwenye nyumba si anasikia?

"Ni Kima, bwana. Mimi ningali nje, nangoja."

"Asemaye karibu ndiye mwenyeji," bakuli likasema. "Haya, mwenyeji, mhudumie mgeni wako."

Maji yakapanda, fyuu! Kima akachota kwa mkono uliobaki, akamnywesha mtoto. Tone, tone, tone. Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia! Sange naye akalia.

Kima akataka kunywa. "Aa!" bakuli likamkatiza. "Mwenyeji anywe kabla ya wageni?"

Na wageni wakaja. Paa akaja. Nguruwe akaja. Kanga akaja na vifaranga. Kila mmoja "Hodi!", na Kima, uso kaukunja, "Karibu." Alikunywa wa mwisho, matope. Mvua iliponyesha ndipo bakuli likamwachia.

Mmesikia, wanangu? Mlangoni pa mtu usijikaribishe, hata ukiwa na shida. Ngoja uitikiwe.

Basi, wana wa Kima walirithi magofu: mpaka leo wanakaa juu ya kuta wakipokea wageni wasiowataka. Sange alidondokewa na tone la bakuli matakoni, pakang'aa kama dhahabu. Wanawe wakarithi matako ya dhahabu. Na sisi watu? Tulirithi tundu kwenye mnara. Bakuli lenyewe lilikwenda zake, halikuaga.

Kisa nakiacha hapo. Kikikutosha kibebe, kisipokutosha nirudishie.