Paa Lisilo na Moshi

Palikuwa na mzee mmoja, karani mstaafu wa stesheni ya reli, jina lake Salehe Semboja. Wengine wanaposimulia kisa hiki humwita Saidi, lakini jina lake hasa ni Salehe. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ya kwanza kila alfajiri ilikuwa kusoma kipimajoto na kuandika digrii katika daftari, na hata alipostaafu hakuacha.

Mkewe, Bi. Mboni, aliugua. Joto la tambarare lilimbana kifua hata akawa analala ameketi. Daktari akamwambia mzee, "Mtafutie mji wa baridi. Kiangazi kingine kama hiki hatakivuka."

Mzee Salehe akafunga safari na mkewe kwenda nyanda za juu, kipimajoto mkononi.

Kwanza walifika Lupembwe, mji wenye lami, maji ya moto bombani na madirisha ya vioo. Asubuhi digrii tisa. Bi. Mboni akapumua vizuri. Walikaa siku sita, na siku ya kuondoka mlinzi wa nyumba ya wageni aliwaaga kwa adabu, "Karibuni tena, wazee." Hakujua majina yao, wala wao hawakujua lake. Mzee akaandika: Lupembwe, panafaa.

"Basi tumepata," alisema Bi. Mboni.

"Tuone na Itambalila. Kipimo kimoja si kipimo."

Itambalila ulikuwa mji mdogo juu kabisa, nyumba zake zimetawanyika kwenye miteremko ya bonde. Bibi Lidia Tweve, mwenye nyumba, aliwapangisha chumba na jiko, akawawekea mzigo wa kuni mlangoni.

"Kaka, uwashe moto kabla jua halijatoka."

"Moshi utamdhuru mgonjwa, mama. Tuna mablanketi manne."

Bibi Lidia akacheka hadi akashika kiuno. "Watu wa joto ninyi! Blanketi humfunika mtu pamoja na baridi yake. Wifi, ukiona huyu anakugandisha, nikimbilie mimi, nyumba ile ng'ambo ya bonde."

Bi. Mboni akacheka naye. Mzee hakucheka. Kuni akaziacha palepale nje.

Kulipopambazuka alitoka kusoma kipimajoto. Digrii sifuri. Alipoinua macho, alisahau kuandika. Umande wote ulikuwa umeganda. Bonde zima lilikuwa jeupe, kila jani na kila uzi wa buibui umevishwa barafu, na juu ya weupe huo moshi wa nyumba nyingi ulipanda wima, kimya, kama nguzo za msikiti usio na mwisho.

"Mboni! Njoo uone kazi ya Mungu!"

Hakujibiwa.

Aliingia ndani, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni, na midomo yake ilitikisika bila kutoa neno. Mzee akakimbilia kuni, zilikuwa zimeganda. Kiberiti kikavunjika njiti baada ya njiti, maana vidole havikumtii. Alirudi mlangoni apige kelele, akakumbuka kwamba katika mji ule alijua jina moja tu, na mwenye jina alikuwa ng'ambo ya bonde.

Hapo ndipo aliposikia barafu ikivunjika chini ya nyayo.

Walikuwa wanakuja. Kutoka juu, kutoka chini, kutoka kila upande wa bonde, wanawake kwa wanaume, na kila mmoja amebeba kigae chenye makaa mekundu. Katika weupe ule makaa yalionekana kama nyota zinazotembea. Mzee alisimama, machozi yakimtoka, hakujua awasalimu vipi.

Hawakungoja salamu. Walipita, wakamimina makaa jikoni, wakapuliza. Mmoja alichemsha uji, wengine wawili wakamsugua Bi. Mboni miguu. Bibi Lidia alifika akihema, kigae mkononi.

"Mbishi wewe! Nilikwambia nini jana?"

"Mama, nisamehe. Lakini mlijuaje? Sikumwita mtu."

"Paa lako limetuita. Hapa kila mtu akishawasha moto wake hutoka nje, akahesabu mapaa. Paa lisilo na moshi, tunalipelekea makaa. Hatuulizi ni la nani."

Baada ya muda Bi. Mboni alifumbua macho, akaona chumba kimejaa.

"Salehe," akasema kwa sauti ndogo, "watu wote hawa umewaalika, na mimi sijajifunga hata kitambaa?"

Kicheko kikajaa nyumba.

Mzee Salehe akachukua daftari lake. Akaandika: Itambalila, digrii sifuri. Akafikiri kidogo, akaongeza: Vigae kumi na kimoja. Tunahamia hapa.

Kesho yake aliwasha moto kabla ya jua. Kisha akatoka nje, akakipita kipimajoto bila kukitazama, akasimama kwenye weupe ule, akaanza kuhesabu mapaa.

Funzo: Unapochagua mji wa kuishi, usiulize tu una baridi kiasi gani, uliza nani ataona siku paa lako litakapokosa moshi. Nawe uliyesoma hadi hapa, mpelekee kisa hiki mtu ambaye moshi wake hujauona siku nyingi.